Kitasa cha Mkunga

Juzi kompyuta ya dukani kwa binti yangu iligoma. Binti ana kiduka cha kuchapa na fotokopi hapa mjini Tabora, si mbali na stesheni, na mimi tangu nistaafu ualimu nashinda pale nikimsaidia kuwagombeza wateja. Akaitwa fundi, msichana mwenye miwani na maneno machache, akasema hakuna namna, ni kufuta kila kitu na kupiga programu upya. Akafuta, akapiga, ikafika mahali mashine ikadai ufunguo.

"Ufunguo gani tena?" nikauliza.

"Wa leseni, mama. Hii namba ndefu, si mnaiona imebandikwa hapa chini? Hamna haja ya kununua mwingine. Wa zamani unatumika tu, maana mashine ni ileile."

Akauandika. Mashine ikakataa. Akarudia polepole, anaisoma kwa sauti herufi moja moja. Ikakataa tena. Akamgeukia binti yangu. "Dada, kuna mtu aliifungua hii ndani?" Binti akakumbuka kwamba iliwahi kuungua, fundi mwingine akabadilisha bodi. "Basi ndiyo hiyo," akasema msichana. "Ufunguo ni wenyewe kabisa, hauna kosa. Ila ndani mmebadilisha, ndiyo maana inamwona mwenye ufunguo kama mgeni."

Jamani! Nilitoka nje nikasimama barazani machozi yananibubujika, mtu mzima mimi. Binti akanifuata: "Mama, si nitapiga simu wairekebishe, kitu gani cha kulia hapo?" Nikamwambia silii kompyuta. Nilikuwa namlilia Mkunga.

Jina lake silitaji. Kijijini kwetu, huko upande wa Urambo, hakuna aliyelitumia. Wakubwa walimwita Mkunga, sisi watoto Bibi Mkunga, na viongozi waliokuja na gari la serikali nao wakaishia kumwita hivyohivyo. Alikotoka na ukoo wake wapo wengine wa kuwasimulia. Mimi nasema niliyoyaona, na machache aliyonieleza mwenyewe nilipokuwa mkubwa.

Mimi aliyenipokea nilipozaliwa ni yeye. Alisema nilimtesa mama yangu usiku kucha kwa sababu ya kichwa, na tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Kichwa. Nimefika darasa la saba, Kichwa. Nimekwenda chuo cha ualimu, Kichwa. Ukimwamkia "Shikamoo Bibi," anakuangalia kwanza kuanzia miguuni, anafika usoni, ndipo anaitikia "Marahaba," utadhani anahakikisha kama viungo alivyokutoa navyo bado vimetimia.

Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mikono midogo kama ya msichana. Kucha alizikata kwa wembe kila asubuhi. Alinusa ugoro, lakini akiitwa kwa mzazi aliufunga ule ugoro kwenye ncha ya kanga na hakuugusa mpaka mtoto alie. Waume za watu walimwogopa. Mwanamume akianza kuzungukazunguka nje ya nyumba akihema, Mkunga anatoa kichwa mlangoni: "Wewe, unazaa? Kama huzai, kachote maji." Wengine walichota maji mpaka mitungi ya jirani ikajaa. Ukimshukuru anakukata kauli: "Asante mpe aliyesukuma. Mimi nilipokea tu."

Huyo ndiye Mkunga wa mchana. Radi ikipiga, alikuwa mwingine. Mwanamke aliyekuwa akitembea porini peke yake kwenda kuzalisha, bila kujali fisi wala nini, alikuwa akisikia ngurumo anaingia uvunguni mwa kitanda na kujifunika ungo. Mama yangu alimkuta siku moja akacheka mpaka akakaa chini. Mkunga akamjibu kutoka huko uvunguni: "Cheka tu. Ukishika mimba nyingine tutaonana."

Na alikuwa mchoyo, tena sana. Sukari yake hukuionja. Lakini ukimkuta mzazi hana kitu, nguo ya kumfungia mtoto ilitoka kwenye kanga zake mwenyewe, anaichana mbele yako huku anatukana. Sasa huyo ni mchoyo au si mchoyo? Mimi mpaka leo sijaamua.

Lililotushinda wote lilikuwa mlango wake.

Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, wenye kitasa cha chuma cha zamani alichotiliwa na fundi mmoja wa mjini Tabora. Kitasa kilikuwa na funguo mbili. Mmoja aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Alifunga mlango ule akienda kisimani. Alifunga akienda kwa jirani wa ukuta kwa ukuta kuomba kaa la moto. Asubuhi, kabla hajanawa uso, anachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya karanga, anakipaka kitasa, anazungusha ufunguo huku na huku anasikiliza. Kikilia vizuri, anasema "Haya," ndipo siku yake inaanza.

Ufunguo wa pili alikuwa nao mwanawe.

Haya aliniambia mwenyewe, baadaye sana, na nayaweka hapa mapema kwa sababu bila hayo huwezi kumwelewa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Wakati huo walikaa kwenye tembe lao la zamani, kando ya ile njia ya misafara waliyopita wapagazi kwenda Ujiji, na uhuru ulikuwa ndiyo kwanza umekuja, vijana wanaimba barabarani. Mwanawe akaoa. Mkewe akashika mimba. Siku ya kujifungua aliyemzalisha ni nani? Si mama mkwe, mkunga anayesifiwa kote? Damu ikakataa kukatika. Akafa yule binti, na mtoto naye akafa, mikononi mwa Mkunga.

Kijana hakulia. Alimwambia mama yake, "Watoto wa watu wote unawatoa salama. Wangu ndiye aliyekushinda." Baada ya msiba akafungasha. Mkunga, kwa uchungu wake na kiburi chake, maana alikuwa na kiburi, hakumbembeleza. Alivua ufunguo mmoja akamtia mkononi. "Nenda. Hasira zikiisha rudi, na ukirudi usibishe hodi kama mgeni. Fungua, uingie. Lakini siku utakayokuta ufunguo unakataa, ujue na mimi nimekukataa."

Kijana akaondoka na ufunguo. Mkunga akabaki na maneno yake. "Yalinitoka tu, Kichwa," aliniambia. "Ningekuwa na uwezo ningekimbia nyuma yake niyaokote barabarani." Lakini hakukimbia. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba ufunguo ule haukatai, liwalo na liwe.

Sasa hebu fikiria mwanamke mwenye nadhiri ya namna hiyo, halafu inakuja amri ya kuhamia vijijini. Ikaja na malori. Tuliambiwa tubebe vyombo, mbegu na watoto, nyumba tutajenga huko. Watu wamepanda na mitungi na kuku wao, Mkunga hayupo. Mwenyekiti wetu, mtu mwema, mnene, mpenda mikutano, akaenda kumwangalia. Akamkuta na shoka, anang'oa mlango pamoja na fremu yake.

"Mkunga, unabeba mlango na nyumba unaiacha?"

"Nyumba ni udongo. Huko tuendako hakuna udongo?"

Mlango ukapanda lori, yeye akakaa juu yake. Tulikofika akajenga kijumba cha miti na udongo ambacho hata kusimama vizuri kilikuwa hakijui, akakitia mlango wa mninga na kitasa chake. Watu walicheka. Mlango ulikuwa na hadhi kuliko nyumba. Kabla kuta hazijakauka, wakubwa wakagundua mahali pale maji ya kisima ni ya chumvi, tukahamishwa tena mbele kidogo, karibu na barabara ya malori ya tumbaku. Akang'oa tena, akajenga tena. Nyumba mpya, kitasa kilekile, ufunguo uleule. Kwa kila mpita njia, kwa kila dereva na mpiga debe wa stesheni, aliacha ujumbe: Mkunga amehamia mahali fulani, mtu akimuulizia mwelekezeni. Kwa hiyo kumpata alikuwa anapatikana. Na ufunguo ungefungua.

Lakini ujamaa na kufuli haviendi pamoja, au ndivyo alivyoona mwenyekiti. Milango ya wengine ilikuwa ya mabua. Shamba letu moja, ghala letu moja, sasa huyu mama anafunga nini? Wakasema ana dhahabu. Wakasema anafuga kitu. Mimi niliwahi kutumwa ndani kumletea wembe, akanipa ufunguo kwa mara ya kwanza na ya mwisho, nikaona: mkeka wake pembeni, chungu, na kitanda cha kamba kimetandikwa shuka jeupe lililonyooka, ambalo hakuna mtu aliyelilalia. Nilipotoka sikumwambia mtu. Hata sikujua niseme nini.

Siku moja mkutanoni mwenyekiti akalileta hadharani. "Ndugu Mkunga, sisi hapa ni ndugu. Kijiji hiki hakina mwizi. Hebu tuambie, unamfungia nani?"

Akasimama, ugoro mkononi. "Simfungii mtu," akasema. "Namfungulia."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akasema mama yetu amezeeka, ajenda inayofuata. Na huyo mwenyekiti, naapa, hakuwa na ubaya wowote moyoni. Ubaya ungekuwa rahisi kuusamehe.

Masika moja aliteleza kwenye tope akienda kuzalisha, akavunjika mguu. Akabebwa kwa trekta la ushirika mpaka hospitali ya mjini, akalazwa miezi. Ufunguo alimwachia mama yangu, amwangalizie kuku. Ndipo kijiji kikapata wazo. Mkunga ametuzalisha wote, nyumba yake inavuja, kwa nini tusimjengee, akirudi akute ajabu? Wazo likapita kwa makofi. Kiangazi kilipoingia tukashuka wote, wanaume wakafyatua matofali, wanawake na sisi wasichana tukachota maji. Tuliimba. Ilikuwa kazi ya furaha kuliko zote nilizowahi kufanya katika kijiji kile, na sikuwahi tena kuona watu wakishindana kubeba matofali bila kusukumwa. Nyumba ikapanda, ikapata bati, ya kwanza kijijini. Mlango mpya ukatoka mjini, umepakwa rangi ya kijani, na kitasa kipya kinachong'aa kutoka duka la Mhindi.

Na mlango wa zamani? Mbao zikawa benchi la kupangia tumbaku. Kitasa, kwa kuwa kilikuwa imara kuliko vyote kijijini, mwenyekiti akasema ni aibu kukitupa. Kikatiwa kwenye mlango wa ghala la mahindi. Mama yangu akautoa ule ufunguo, mtunza ghala akaupokea. Kilikuwa kinafunga vizuri mno. Kilikuwa kimepakwa mafuta miaka yote.

Siku Mkunga aliporudi, trekta lilikuta kijiji kizima barabarani. Vigelegele, ngoma, mtoto wa mwisho aliyempokea kabebwa mbele. Wakamshusha na mkongojo wake. Akatazama nyumba. Mwenyekiti akatoa ufunguo mpya umefungwa utepe, akaanza hotuba. Mkunga hakuupokea. Alikuwa anatazama mlango.

"Kitasa changu kiko wapi?"

"Kipo, mama! Kiko ghalani, kinalinda mahindi yetu sote."

Akakaa chini palepale, mguu mbovu umenyooka mbele. Wanawake wakadhani ni furaha imemlemea. Mama yangu, kumpoza, akafungua pindo la kanga yake. "Na ufunguo wako wa zamani huu hapa, dada. Niliuokota kizingitini kwako, ile siku ya soko la tumbaku. Nilijua huyu mtunza ghala kaudondosha, nikasema akija kuuliza nitamzomea kwanza."

Mtunza ghala akashtuka. "Mimi sijadondosha kitu. Wa ghala ninao." Akauchomoa mfukoni, akauinua juu watu waone.

Ngoma ilinyamaza yenyewe. Mkunga alinyoosha mkono akaupokea ule wa mama yangu. Akaugeuza. Akamwomba mtunza ghala na wa pili, akaulalisha juu ya mwenzake kiganjani, meno kwa meno. Kisha akatoa sauti ambayo sisi wote tuliijua, kwa sababu ndiyo sauti waliyoitoa mama zetu wakizaa, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatuliza. Siku ile hakukuwa na wa kumtuliza yeye.

Mengine yalikuja vipande vipande. Dereva wa lori la tumbaku alisema, ndiyo, alimpa lifti mtu mzima mwenye koti na mfuko mdogo, mwenye mvi hapa na hapa. Alikuwa akiuliza kwa Mkunga. "Nikamwonyesha kwa kidole. Ile pale yenye bati linalometa. Akacheka, akasema mama yake kapata bati." Ilikuwa siku ya soko, kijiji kizima tulikuwa kwenye mizani tunapima tumbaku. Hakukuwa na mtu wa kumwambia mwenyewe yuko hospitali. Na hakubisha hodi. Angebishaje, na aliambiwa asibishe? Aliingiza ufunguo, ukakataa. Sijui alijaribu mara ngapi. Hatua chache kutoka pale lilikuwepo ghala, na ufunguo ule ungelifungua bila shida. Akauweka juu ya kizingiti akaenda zake.

Tulimtafuta. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda stesheni, akashinda na kulala pale akiuliza. Lakini Tabora treni zinakwenda Mwanza, zinakwenda Kigoma, zinakwenda Dar, utamfuata mtu upande gani? Ujumbe ulitumwa na wafanyakazi wa reli kote. Haukurudi na jibu. Mwenyekiti alikwenda kupiga magoti mbele ya Mkunga, mtu mnene yule, akilia. Mkunga akamwambia, "Inuka, baba. Mlinijengea nyumba." Hakusema zaidi, na nadhani mwenyekiti angependa kupigwa.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu. Nilishuka na gari la mnadani, nina kilo ya sukari kwenye kapu maana najua uchoyo wake. Nikaukuta mlango wa kijani uko wazi wote, umeegeshewa jiwe. Mbuzi wawili wamelala sebuleni. Vumbi limeingia mpaka kwenye kitanda cha shuka jeupe, ambacho bado kilikuwa kimetandikwa.

"Hodi," nikasema.

"Hodi ya nini na mlango uko wazi? Ingia, Kichwa."

Alikuwa amekaa mkekani. Macho yalikuwa yamefifia, lakini alinianzia miguuni kama zamani. Shingoni ule uzi mweusi ulikuwepo, una funguo mbili. Nikamsalimu, nikamwandalia chai, akaweka sukari kijiko baada ya kijiko bila kunipa mimi. Tukacheka. Ndipo akanieleza yote, habari ya mkwewe, ya maneno yale, kwa sauti ya kawaida, huku anazungusha funguo kwa vidole.

"Alikuja," akasema. "Unaona, Kichwa? Hasira zilimwisha, akaja. Nikikumbuka hilo napata usingizi. Halafu nakumbuka alichokikuta, naamka."

Nikamwambia halikuwa kosa lake. Nikamwambia ni sisi, kijiji kizima, tuliotaka kumfurahisha.

"Nyinyi hamkujua. Mimi nilijua." Mbuzi mmoja akahama kutoka mguuni kwake. "Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu, unamfungia nani. Mkacheka wote, nami nikajiona nimemjibu. Kumbe lilikuwa swali zuri. Miaka yote ile napaka mafuta kitasa, nabeba mlango kutoka kijiji hadi kijiji. Ningeuacha wazi tu. Angeingia. Angekuta kitanda, angelala, nyinyi mngerudi kutoka kwenye mizani mkamkuta amelala."

Nilimshika ile mikono midogo, nikalia, naye akaniacha nilie, kama alivyokuwa akiwaacha wazazi, bila kunihimiza.

Jua lilipoanza kushuka wingu lilikuwa limetanda upande wa Urambo, na ngurumo ya kwanza ikasikika. Nikamwona anajikunja. Nikamsaidia kulala, nikamfunika, nikamsogezea ungo wake karibu, kisha nikatoa mbuzi, na nikitoka nikaondoa lile jiwe, nikauvuta mlango ili mvua isimpige.

"Kichwa!" akaita kutoka ndani, sauti inatetemeka kwa ile radi. "Acha wazi."

Nikarudisha jiwe.